Korongo Weupe Waiaga Songwa

Ifikapo Machi korongo weupe, walao nzige na viwavijeshi katika mbuga za Usukuma, hupaa wakizunguka juu ya hewa ya moto, wakaelekea Ulaya. Bahari ya Mediterania hawaikati, kwani hewa hiyo haipandi vema juu ya maji; huizunguka kwa kupitia Misri, Sinai na Sham. Mwaka 1822 aliuawa mmoja huko Ujerumani, shingoni ana mkuki wa Kiafrika! Ndipo wataalamu wakapata ushahidi wa safari yao.

Surat al-Mulk, aya ya 19, yatuita tuwatazame ndege. Basi twawaomba wazazi wa Songwa: vijana wenye manati kando ya bwawa wawahesabu, wasiwapige. Na dawa ya pamba itumiwe kwa uangalifu. Kiwavi aliyekufa kwa sumu naye huliwa.