Kisichoandikwa katika Maneno Dokezi: Zoezi la Sentensi za Kiingereza nchini Rwanda

Mwaka 2008 Rwanda iliamua kufundishia kwa Kiingereza. Katika zoezi la kuunda sentensi kamili, mwanafunzi hupewa maneno dokezi, mathalani “girl / buy / book / yesterday”. Neno la mwisho humwongoza kwenye wakati uliopita, “bought”. Lakini hakuna kinachomwelekeza kuchagua kati ya “a” na “the”. Kinyarwanda, kama Kiswahili, hakina vibainishi vya aina hiyo. Aidha, “A girl bought the book yesterday” na “The girl bought a book yesterday” zote ni sahihi kisarufi. Mwongozo wa usahihishaji unaokubali jibu moja humwadhibu mwanafunzi kwa jambo asiloelezwa. Tunapendekeza kila zoezi litanguliwe na sentensi ya muktadha, au majibu yote sahihi yakubaliwe.