Mota mpya ya mashine ya kusaga: Piga hesabu kabla ya kukopa

Na Mwandishi Wetu

MAMA mmoja mwenye mashine ya kusaga na kukoboa pembezoni mwa mji wa Morogoro hutunza risiti zake za LUKU ndani ya kopo la maziwa ya unga. Alipozimwaga mezani na kujumlisha za mwezi mmoja, alipata zaidi ya shilingi milioni 1.2.

"Mwanangu, hii mota inakula kuliko watoto wangu wote," alisema huku akicheka, ingawa hakikuwa cheko cha furaha.

Mota yenyewe ni ya kilowati 15, yaani nguvu farasi 20, na imekwisha kusukwa upya mara tatu. Fundi amemshauri anunue mpya isiyokula umeme. Fomu ya mkopo anayo tayari. Je, akope?

Wenye mashine wengi, pamoja na wenye viwanda vidogo vya kuchomelea na useremala, wanajiuliza swali hilo hilo. Fundi ana lake la kusema, na muuza mota ana lake, lakini anayelipa umeme ni wewe. Hivyo hesabu ifanye mwenyewe.

Mota haigeuzi umeme wote kuwa nguvu ya kuzungusha. Sehemu yake hupotea kama joto, ndiyo maana ukiigusa baada ya kazi inaunguza. Ikisukwa kwa waya mwembamba kuliko wa awali, au chuma chake kikichomwa moto kupita kiasi wakati wa kutoa waya wa zamani, upotevu huo huongezeka. Hatusemi kusuka ni kosa. Fundi makini huirudisha karibu kabisa na ilivyotoka kiwandani. Tatizo ni kwamba mafundi makini si wote.

Tangu mwaka 2008 kiwango cha kimataifa kimezipanga mota kwa alama za IE, na namba ikiwa kubwa ndivyo upotevu unavyokuwa mdogo. Alama hiyo huandikwa kwenye kibao cha mota. Kwa mota ya kilowati 15 inayozunguka karibu mara 1,450 kwa dakika, IE1 inatakiwa kugeuza asilimia 88.7 ya umeme kuwa kazi, na IE3 asilimia 92.1.

Sasa tuseme mota ya mama huyu imeshuka hadi asilimia 85. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inavuta kilowati 17.6, wakati IE3 ingevuta 16.3. Tofauti ni kama kilowati 1.36. Kwa saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hizo ni uniti 283. Ukichukua shilingi 350 kwa uniti kama mfano (bei yako halisi iko kwenye risiti), anaokoa kama shilingi 99,000 kila mwezi.

Si haba. Lakini mota mpya tuseme ni shilingi milioni 2.4. Akikopa kwa mwaka mmoja, marejesho peke yake ni shilingi 200,000 kwa mwezi kabla ya riba. Mota inamwokolea nusu ya hiyo. Nusu nyingine na riba vitatoka wapi, kama si kwenye unga wa watoto?

Na hapo tumehesabu saa nane kamili. Mashine ya kijijini inayosaga saa mbili kwa siku itaokoa robo tu, chini ya shilingi 25,000. Mota hiyo itajilipa baada ya miaka minane. Kwa mtu kama huyo, jibu letu ni hapana.

Hesabu hubadilika siku mota ya zamani inapoungua. Siku hiyo utatoa fedha kwa vyovyote. Kama kusuka ni shilingi 500,000, basi unachoongeza ili kupata mpya ni milioni 1.9, na kwa mwenye kazi ya saa nane kinarudi ndani ya miezi 19 au 20. Kwa hiyo anayeweka akiba kidogo kidogo akiisubiri siku hiyo anafanya busara kuliko anayekimbilia mkopo leo.

Wakati anasubiri, yapo mambo ya bei ndogo ambayo wengi huyapuuza. Nyundo zilizolika hupiga nafaka mara nyingi bila kuivunja, na umeme unazidi kwenda. Nyundo nyingi zina pembe nne, hivyo zigeuze kabla ya kununua mpya. Chekeche iliyoziba nayo huzungusha unga uleule ndani. Mikanda ikilegea huteleza, na ukibadilisha badilisha yote kwa pamoja, maana mpya ukichanganywa na wa zamani hubeba mzigo peke yake. Mahindi mabichi yarudishe juani. Pia usiwashe mashine kwa debe moja la mteja wa kwanza kisha ukaiacha izunguke tupu. Mota isiyo na kazi nayo inakula.

Ili ujue kama umeokoa, soma mita kabla na baada ya kusaga gunia la kilo 100, uandike uniti zilizotumika. Rudia kila wiki. Namba ikipanda, kuna kitu kimechoka ndani ya mashine.

Kwa wanaosaga kwa dizeli na nguzo za umeme wa njia tatu zimewafikia, kipimo ni rahisi: lita moja kwenye injini ndogo hutoa kazi inayokaribia ya uniti tatu kwenye mota. Linganisha bei ya lita na ya uniti tatu za kwenu, kisha ongeza gharama za kuunganishiwa.

Mama wa Morogoro ameanza na nyundo. Amezigeuza, amenunua seti ya mikanda, na ukutani karibu na mita anaandika kwa chaki uniti za kila gunia. Fomu ya mkopo ameiweka ndani ya lile kopo, chini ya risiti.