MAFUTA YANAYOMWAGIKA ARDHINI: KAZI YA BAKTERIA WA UDONGO NA MIPAKA YAKE

Watumishi wa Serikali wanaosimamia karakana, vituo vya jenereta na maghala ya mafuta, pamoja na wananchi wenye gereji au wanaohifadhi dizeli na petroli majumbani na madikoni, wanaombwa kuyasoma maelezo haya kwa makini. Ni jambo la kawaida kumsikia mtu akisema kwamba mafuta yakimwagika chini hayana neno, kwa kuwa ardhi itayala yenyewe. Kauli hiyo si uongo mtupu. Ardhi huyala mafuta kweli, lakini huyala kwa masharti. Na pale masharti yanapokosekana, mafuta hukaa miaka mingi yalipo, au huteremka mpaka kwenye maji ya kunywa.

Wanaoyala ni bakteria. Udongo unaoweza kuenea kwenye ncha ya kijiko huwa na mamilioni ya viumbe hawa, na baadhi yao, kama vile jamii za Pseudomonas, Rhodococcus, Mycobacterium na Acinetobacter, wana uwezo wa kuyafanya mafuta kuwa chakula. Jambo hili si geni kwa wataalamu: Mholanzi N. L. Söhngen aliandika juu yake tangu mwaka 1913. Wala haifai kustaajabu kwamba viumbe hawa wamo hata katika udongo ambao haujapata kuguswa na tone la dizeli. Mafuta ya petroli hujitokeza yenyewe ardhini na baharini katika sehemu nyingi za dunia, na nta inayong'arisha majani ya miti nayo ina hidrokaboni. Chakula hicho wamekizoea kabla ya kuwepo gari.

Hidrokaboni ni muungano wa kaboni na hidrojeni peke yake. Katika dizeli, nyingi zimepangika kama minyororo. Nyingine zimejikunja kuwa pete. Bakteria hukabiliwa kwanza na tatizo la kuyafikia mafuta, kwani yeye huishi katika unyevu na mafuta hayachanganyiki na maji. Baadhi yao hutoa ute unaofanya kazi mfano wa sabuni, ukayagawa mafuta kuwa matone madogo sana. Kisha huanza kazi yenyewe. Kimeng'enya hupachika atomu ya oksijeni kwenye ncha ya mnyororo, nao hugeuka kuwa aina ya alkoholi, halafu aldehaidi, halafu asidi ya mafuta isiyo mbali na zile zilizomo katika mafuta ya nazi. Kutoka hapo bakteria huikata kaboni mbili mbili, kama mtu anayekata muwa pingili kwa pingili. Mwisho wake ni hewa ya kaboni dayoksaidi, maji, na bakteria wapya.

Pete ni ngumu zaidi. Benzeni, ambayo ni pete ya kaboni sita na imo katika petroli, hupachikwa atomu mbili za oksijeni kabla ya pete kuvunjwa. Zikiungana pete tatu, nne au tano, kazi huwa ya taratibu mno. Na vitu vizito vya jamii ya lami karibu haviguswi kabisa. Ndiyo maana udongo uliomwagikiwa mafuta hupoteza kwanza sehemu nyepesi, ukabaki na weusi mgumu.

Inafaa ieleweke kwamba katika kazi hii kinachopungua mara nyingi si bakteria bali oksijeni. Hesabu yake ni nyepesi. Ili lita moja ya dizeli iliwe yote huhitajika karibu kilo 3 za oksijeni, yaani iliyomo katika kiasi cha mita 10 za ujazo za hewa. Udongo uliolegea na kupitisha hewa utaipata hatua kwa hatua. Lakini maji ya ardhini hubeba oksijeni kidogo sana, takriban miligramu 8 kwa lita yakiwa yamejaa. Kwa hiyo lita hiyo hiyo moja ikifika kwenye maji huhitaji oksijeni ya zaidi ya lita 350,000 za maji. Msomaji na apime mwenyewe maana ya pipa la lita 200 linalovuja pembezoni mwa kisima.

Baada ya oksijeni huja naitrojeni na fosforasi. Mafuta yana kaboni tele lakini hayana virutubisho hivyo, na bakteria hawezi kuujenga mwili wake bila ya hivyo. Wataalamu hukadiria sehemu 10 za naitrojeni na sehemu 1 ya fosforasi kwa kila sehemu 100 za kaboni. Kanuni hii ilijaribiwa kwa upana baada ya meli Exxon Valdez kupanda mwamba huko Alaska tarehe 24 Machi, 1989 na kumwaga takriban lita milioni 41 za mafuta ghafi. Mbolea ilitiwa katika zaidi ya kilomita 100 za fukwe, na mafuta yaliyokuwa juu yakapungua kwa kasi zaidi kuliko pale pasipotiwa. Hata hivyo, wachunguzi waliochimba fukwe hizo mwaka 2001 walikuta mafuta bado yamo chini ya mawe, mahali ambapo hewa haikufika.

Mfano unaotuhusu zaidi ni wa nchi kavu. Tarehe 20 Agosti, 1979 bomba la mafuta ghafi lilipasuka karibu na mji wa Bemidji, jimbo la Minnesota, Marekani, likamwaga takriban lita milioni 1.7. Sehemu kubwa iliondolewa. Kiasi cha lita 400,000 kikabaki ardhini, na tangu mwaka 1983 pamekuwa mahali pa utafiti. Ilionekana kwamba oksijeni ilipokwisha, bakteria hawakuacha kazi. Wapo waliotumia kutu, yaani chuma kilichomo katika mchanga, badala ya oksijeni, na wengine waliyageuza mafuta kuwa gesi ya methani. Kwa ajili yao benzeni haikwenda mbali kama maji yenyewe yalivyokwenda. Hiyo ndiyo habari njema. Habari ya pili ni kwamba zaidi ya miaka 40 baadaye mafuta yalikuwa bado yapo.

Tukirudi visiwani, joto letu ni msaada mkubwa, kwani bakteria wa udongo wenye joto hufanya kazi haraka kuliko wa Alaska. Tofauti imo katika ardhi. Udongo wa kinongo hushikilia mafuta karibu na juu, yakawa na nafasi ya kuliwa. Kinamo kilichojaa maji ya masika hufunga hewa. Na uwanda, ambao ni udongo haba juu ya mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango, ndio wa hatari kupita yote, kwa sababu mafuta huweza kushuka kwenye ufa hadi majini kabla bakteria hajapata hata muda wa kuanza. Maji mengi tunayokunywa Unguja hutoka chini ya ardhi. Benzeni husababisha saratani ya damu, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo chake katika maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita.

Hivyo basi, mafuta yakimwagika, kwanza yazuiwe yasienee, kwa mchanga au vumbi la mbao. Yasisukumwe kwa maji wala kwa sabuni, maana huko ni kuyaharakisha chini. Kufukia kwa udongo mpya hupendeza macho tu, na huwanyima bakteria hewa. Udongo ulioingia dizeli uchimbwe mapema, utandazwe juu ya sakafu ya saruji au turubai nene kwa kina kisichozidi sentimita 30, mbali na visima, chini ya paa. Utiwe samadi iliyooza na kunyunyiziwa maji, kiasi kwamba ukifinyangwa mkononi ushikane bila ya kuchuruzika, na upinduliwe kwa chepe kila wiki. Mbolea ya dukani itumike kwa uchache, kwani ikizidi huwadhuru bakteria na hufika kisimani nayo. Kazi hii huchukua miezi, si siku. Katika muda huo pasipandwe chakula, na watoto na mifugo wasifike. Udongo wenye petroli usiguswe kwanza, kwa khofu ya moto, mpaka wataalamu waitwe.

Oili chafu ya magari na mashine za boti ni suala jingine. Ina zinki na madini mengine yatokanayo na injini, na madini hayaliwi na bakteria yeyote. Samadi haiisafishi. Ikusanywe katika madebe yenye vifuniko, isimwagwe shimoni.

Kisima kikianza kunuka mafuta, maji yake yasinywewe wala yasipikiwe. Kuyachemsha si dawa: benzeni hutoka na mvuke ukavutwa na aliyeko jikoni, na mafuta mazito hubaki sufuriani. Sheha aarifiwe siku hiyo hiyo, ili Mamlaka ya Maji ipate habari. Harufu ikitoweka baada ya mvua, hiyo si hoja ya kurudi kuteka, kwani benzeni inaweza kudhuru kwa kiasi ambacho pua haikitambui. Kipimo cha maabara ndicho kitakachoamua, na sampuli yake huchukuliwa kwa chupa ya kioo iliyojazwa pomoni bila ya kuacha hewa chini ya kifuniko.