Ukweni Wanaongea Lugha, Siyo "Kilahaja"

Mmekubaliana, mmekwenda kupima, wazee wameanza kujadili mahari. Mwenzio unamjua chakula anachopenda, timu anayoshabikia na bia anayokunywa. Je, unajua akiota usiku anaota kwa lugha gani?

Mpenzi msomaji, swali hili siyo la utani. Wengi wetu tunaoishi mjini tunapendana kwa Kiswahili, tunagombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili. Inafika siku mnakwenda kwao, mzee anaanza kuongea na mwanawe, na wewe unabaki unatabasamu kama picha ya ukutani. Ukitoka hapo unamwambia shosti wako: "Wanaongea kilahaja chao, sielewi kitu." Neno hilo moja limeshaleta kasheshe kwenye ndoa kuliko meseji za usiku.

Mimi ni binti wa Rombo, Kilimanjaro. Mume wangu ni Mmwera wa Ruangwa, mkoani Lindi, na nusu ya ukoo wake iko Nachingwea. Tuna mtoto wa miaka minne anayejua Kiswahili tu. Mwaka jana nilipendekeza likizo ndefu akakae na bibi yake Ruangwa ili apate Chimwera kidogo. Aliyepinga siyo mwingine, ni Mmwera mwenyewe! "Ya nini?" akaniuliza. "Kile ni kilahaja tu, hakimpeleki mtu popote." Tulibishana wiki nzima, na chakula cha jioni kikawa kinaliwa kimya kimya.

Sasa tuliweke sawa jambo hili, maana najua kuna nyumba nyingi zenye mabishano kama ya kwetu.

LAFUDHI, LAHAJA, LUGHA

Haya ni maneno matatu na watu huyachanganya kila siku. Lafudhi ni namna ya kutamka, ule mdundo wa sauti. Mtu wa Kusini akiongea Kiswahili kwenye daladala Dar, kabla hajamaliza sentensi mtu ameshajua anatoka wapi. Anaongea Kiswahili kile kile, ila amekivalisha nguo za kwao.

Lahaja inakwenda mbali zaidi. Hapo matamshi yanatofautiana, baadhi ya maneno yanatofautiana, hata sarufi kidogo, lakini watu bado wanaelewana. Mwambao wa Kenya, Mombasa na Lamu, njia wanaiita ndia, na njaa ni ndaa. Mtu wa Lamu akikuambia "ndoo" anakuita uende, usikimbilie bafuni kutafuta chombo cha maji. Utacheka, utamuuliza mara mbili, lakini mtaongea hadi usiku. Kiamu, Kimvita, Kiunguja, Kipemba na Kimgao cha huku pwani ya kusini ni lahaja za Kiswahili.

Lugha ndiyo mti wenyewe, na lahaja ni matawi yake. Kwa hiyo Chimwera siyo lahaja ya Kiswahili. Kina mti wake. Ni kweli vyote viwili ni vya ukoo wa Kibantu, ndiyo maana vina harufu ya undugu. Majirani wa Wamwera ni mfano mzuri: Mswahili anasema mtu, Myao anasema mundu, Mmakonde anasema munu. Utasema mbona vinafanana? Vinafanana kama wewe na binamu yako mnavyofanana pua. Lakini pua ya binamu haikufanyi uwe yeye.

KIPIMO CHA MKALIMANI

Kuna siku shangazi yake mume wangu aliugua huko Nachingwea, tukampeleka hospitali. Kiswahili anakijua vizuri tu, sokoni anauza mbaazi na ufuta kwa Kiswahili. Lakini maumivu yalipomzidi, Kiswahili kikamtoka chote, akawa anaeleza kwa Chimwera. Nesi aliyekuwa zamu siyo mtu wa kule. Akawa anamwambia, "Bibi, sema Kiswahili." Bibi wa watu anaeleza, nesi anaandika hewa. Mimi nimesimama pale na simu mkononi, sina msaada wowote.

Aliyeokoa jahazi ni mume wangu. Alipiga magoti pembeni ya kitanda, akamsikiliza shangazi yake, akageuka na kumweleza nesi maumivu yalianza lini, yako upande gani na amekunywa dawa gani. Ndani ya dakika tano matibabu yakaanza.

Usiku ule nilimuuliza swali moja tu: "Kama kile ni kilahaja cha Kiswahili, wewe ulikuwa unatafsiri nini?" Hakujibu.

Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha wataalamu. Wasemaji wawili wakielewana kila mmoja akitumia usemi wake, huenda wana lahaja mbili za lugha moja. Pakihitajika mkalimani, hizo ni lugha mbili. Mmwera wa Ruangwa na Mmwera wa Nachingwea hawahitaji mkalimani, wanaelewana na kutaniana. Mmwera na nesi kutoka bara walimhitaji.

LAKINI MAMBO SIYO RAHISI HIVYO

Ingekuwa kipimo ni hicho tu tungemaliza mapema. Nenda Kigoma. Muha akiongea Kiha, Mrundi anamwelewa, na Mnyarwanda naye anafuata bila shida kubwa. Kwa kipimo cha mkalimani hizo zingekuwa lahaja za lugha moja. Lakini kuna mipaka, bendera na serikali tofauti, kwa hiyo tunahesabu lugha tatu. India na Pakistani ni hivyo hivyo: Kihindi na Kiurdu vya mtaani vinaelewana sana, ila vina maandishi tofauti na mataifa tofauti.

Geuza upande wa pili uje kwetu Kilimanjaro. Watu wanasema "Kichaga" kana kwamba ni lugha moja. Mimi wa Rombo nikikutana na mtu wa Machame, kila mmoja akiongea cha kwao, baada ya dakika mbili tunahamia Kiswahili. Tuna jina moja, lakini wataalamu wanahesabu humo lugha zaidi ya moja. Mume wangu aliposikia hivyo alishangaa, maana siku zote alidhani Wachaga wote tunasengenyana kwa lugha moja.

Hata jina Kimwera lina mtego wake. Kuna Kimwera cha Lindi, na kuna Kimwera kingine kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Mbamba Bay. Jina ni lile lile, lugha ni mbili tofauti.

Kwa hiyo nani anaamua? Kuelewana ni kigezo kimoja. Vingine ni historia, mipaka, maandishi, na watu wenyewe wanajionaje. Na ukweli mchungu ni kwamba nguvu nayo ina sauti: usemi wa wenye shule, magazeti na ofisi huitwa lugha, na wa wasio navyo hubatizwa "kilugha". Sikiliza hiyo "ki-" vizuri. Ya Kiswahili inaonyesha namna ya watu fulani ya kuongea. Ya "kilugha" inadogosha, kama kijumba na kijitu.

KISWAHILI NACHO KILITOKA KWENYE LAHAJA

Hapa ndipo wengi hushangaa. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na Kiunguja, yaani lahaja ya mjini Zanzibar, kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia katika nchi za Afrika Mashariki. Wapo waliotaka Kimvita, chenye sifa kubwa ya ushairi, lakini hakikupita. Kwa hiyo Kiswahili unachoandikia barua ya kuomba kazi ni lahaja iliyopelekwa shule ikavalishwa suti. Haikuchaguliwa kwa sababu ni tamu kuliko zingine. Mezani palikuwa na biashara, utawala na vitabu.

Na Chimwera nacho kiliwahi kuingia vitabuni. Mwaka 1950 mtaalamu Lyndon Harries alichapisha kitabu kizima cha sarufi ya Kimwera. Kina kanuni zake, nomino zake na vitenzi vyake. Mtu haandiki sarufi nzima ya kitu ambacho ni makosa ya Kiswahili.

KWA NINI WENYEWE WANAKIONA KIDOGO?

Nachingwea haijawahi kuwa kijiji kilichojificha. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ilikuwa moja ya vituo vyake pamoja na Kongwa na Urambo. Mradi ulianguka kufikia mwaka 1951, lakini ulishakusanya watu wa kila kabila. Baadaye wapigania uhuru wa FRELIMO wakawa na kambi yao hapo, wakaja na Kimakonde, Kimakua na Kireno. Ongeza Wayao waliopo tangu zamani. Wamakua wenyewe lugha yao wanaiita Emakhuwa. Hata kiambishi chake hakifanani na "chi-" ya Chimwera, Chiyao na Chimakonde.

Katika mchanganyiko huo, Kiswahili ndicho kilichoshona watu pamoja. Ni jambo la heri, mimi na mume wangu tusingekutana bila hicho. Lakini kizazi kimoja baada ya kingine kikajifunza kwamba cha shuleni ndicho cha maana, cha nyumbani ni cha kuficha. Hata neno "machinga", ambalo mjini tunaliita mchuuzi wa barabarani, inasemekana limetokana na Wamachinga, watu wa Lindi wenye lugha yao. Jina la watu limegeuka jina la kubeba bidhaa begani, na wengi hawajui kama kuna lugha nyuma yake.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilitaka Watanzania waendelee kuzitumia na kujivunia lugha za jamii zao. Sera haiwezi kuingia chumbani kwako, mpenzi msomaji. Anayeingia humo ni wewe na mwenzio.

DONDOO KWA WAPENZI

1. Acha kuita lugha ya mwenzio "kilugha" au "kilahaja", hata kwa utani. Ina jina: Chimwera, Chiyao, Kiha. Litamke.

2. Jifunze salamu kabla ya safari ya kwanza ya ukweni. Usiogope kuchekwa. Mama mkwe anayecheka ameshakupokea.

3. Wewe mwenye lugha, usimwache mwenzio gizani. Mkiongea na wazee, mtafsirie kidogo kidogo. Kukaa nusu saa husikii kitu kunazaa wivu na hisia za kusengenywa.

4. Mtoto hachanganyikiwi kwa kujua lugha mbili. Kichwa cha mtoto kina nafasi. Kinachokosekana ni mtu wa kuongea naye kila siku.

5. Msifanye mashindano ya yako na yangu. Kwetu tumekubaliana Kirombo kwa bibi mmoja, Chimwera kwa bibi mwingine, Kiswahili kwa wote.

Ndiyo, tumekubaliana. Likizo ijayo mtoto anakwenda Ruangwa, na baba yake ndiye atakayempeleka. Hakuniambia amebadilisha mawazo. Ila siku hizi akimpigia mama yake simu, anaweka sauti ya nje, na mtoto anakaa karibu.

Wazee wanaojua maneno ya kuliombea shamba, kumbembeleza mgonjwa na kumwonya bwana harusi wanapungua kila mwaka, na hawatasubiri tumalize kubishana kama ni lugha au lahaja. Kama mwenzio ana bibi aliye hai, mpigie simu leo. Halafu kaa kimya usikilize.