Asilimia Mbili za Gatsata

Ukitoka stendi ya Nyabugogo ukashika barabara ya Gatuna, ile inayokwenda hadi mpaka wa Uganda, unaingia Gatsata kabla gari halijapata nafasi ya kukolea mwendo. Chini ni bonde la mto Nyabugogo, juu nyumba zimepanda mlima zikiegemeana, na kandokando ya barabara ni gereji. Milango ya magari imeegemezwa ukutani kama mbao za seremala, mtu kalala chini ya lori miguu tu ikionekana, mwingine anapiga msasa bodi ya basi dogo. Kiswahili hukikosi hapa. Kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini madereva wa Mombasa, Goma na Bujumbura hawakungoja sheria ili wapatane bei ya springi na mafundi wa Kigali.

Fundi mmoja wa springi alinionyesha daftari lake. Ni daftari la shule, jalada limelowa oili hadi limekuwa laini kama ngozi. Ndani ameandika kila kazi: tarehe, namba ya gari, alicholipwa, alichodaiwa. Alikuwa anataka kununua kompresa, kwa sababu ile ya kuazima kwa jirani ilikuwa inamgharimu wateja. Alihitaji mkopo wa faranga 600,000.

"Mzee, SACCO ni asilimia mbili tu kwa mwezi," akaniambia. "Nafuu gani nyingine nitafute?"

Nikamuuliza: asilimia mbili ya nini? Akanitazama kama niliyemuuliza maji ni nini. Na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu katika miaka yangu ya kushughulika na vyama vya akiba na mikopo sijaona swali fupi linalookoa fedha nyingi kama hili.

Chukua faranga 600,000 kwa miezi 12. Ikiwa riba inapigwa kwenye mkopo wa awali mwezi hadi mwezi, yaani riba isiyopungua, basi kila mwezi unalipa riba ya 12,000, hata mwezi wa kumi na mbili ambapo deni lililobaki ni 50,000 tu. Mwaka ukiisha umelipa riba ya 144,000. Ikiwa riba inapigwa kwenye salio linalopungua, mwezi wa kwanza unalipa 12,000, wa pili 11,000, wa tatu 10,000, hadi wa mwisho 1,000. Jumla ni 78,000. Mkopo ni uleule, muda uleule, asilimia ni "mbili" ileile, na tofauti ni faranga 66,000. Ukigeuza ile hesabu ya kwanza iwe ya salio linalopungua, upate kulinganisha vitu vinavyolingana, ile asilimia mbili inakuwa karibu asilimia tatu na nusu kwa mwezi.

Kuna na gharama zinazojificha nje ya riba. Ada ya kufungua faili, bima ya mkopo, na ile akiba ambayo taasisi nyingi huifunga mpaka umalize deni. Ukiwa na akiba ya 120,000 ikafungwa, hiyo ni fedha yako iliyoacha kukufanyia kazi huku unalipia riba fedha ya wenzako. Kwa hiyo karatasi ya kuomba mezani ni moja: ratiba ya marejesho, inayoonyesha mwezi kwa mwezi mtaji unaorudi, riba na salio. Mkopeshaji asiyeweza kuitoa kabla hujatia saini, usimtilie saini.

Tuseme sasa SACCO yenyewe ni nini, maana wengi huiita benki na kuiendea kama wanavyoiendea benki. Umurenge ni ngazi ya utawala inayokaribiana na kata ya Tanzania. Rwanda ina mirenge 416, na kuanzia mwaka 2009 kila mmoja ulianzishiwa chama chake cha akiba na mikopo, Umurenge SACCO. Gatsata, wenye seli tatu za Karuruma, Nyamabuye na Nyamugari, ni mmoja wa mirenge hiyo. Wazo la benki ya wanachama halikuwa geni nchini. Banque Populaire ya kwanza ilifunguliwa Nkamba, mashariki mwa nchi, mwaka 1975, na kwa miaka zaidi ya thelathini mtandao huo ulikuwa wa ushirika, hadi ulipogeuzwa benki ya biashara mwaka 2008. Leo unaitwa BPR Bank Rwanda, chini ya kundi la KCB la Kenya. Mwaka huohuo wa 2008, utafiti wa FinScope ulionyesha kuwa Wanyarwanda wazima waliokuwa wakitumia huduma yoyote ya fedha, rasmi au isiyo rasmi, hawakufika nusu: asilimia 48. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 96. Simu imefanya kazi kubwa humo, lakini SACCO za mirenge ndizo zilizopeleka dirisha la fedha hadi vilimani ambako benki haikuona faida ya kufungua tawi.

Lakini kati ya mwaka 1975 na 2009 kuna 2006. Mwaka huo Benki Kuu ya Rwanda ilifunga taasisi kadhaa ndogo za fedha zilizokuwa zimekopesha ovyo na kushindwa kurudisha amana za watu. Wenye akiba walisubiri, na walichorudishiwa baadaye hakikuwa chote. Nina ndugu wa karibu aliyekuwa na kitabu cha mojawapo. Hadi leo kitabu kile kiko kwenye sanduku la nguo zake, na kwenye SACCO haweki hata faranga mia. Ukiona mama mchuuzi wa Karuruma anashika fedha zake kwenye pindo la kitenge ilhali dirisha la SACCO liko karibu, usimwite mjinga kabla hujamuuliza alikuwa wapi mwaka 2006.

Kinachoifanya SACCO ikukopeshe pale benki ya mjini inapokuzungusha ni ukaribu. Benki inataka dhamana, na kwa Rwanda dhamana ni ardhi. Upimaji mkubwa uliofanyika kati ya 2009 na 2013 uliandikisha viwanja zaidi ya milioni 10, hivyo mtu wa kijijini mwenye shamba ana karatasi ya kuonyesha. Fundi wa Gatsata je? Kwake mara nyingi ni chumba cha kupanga mlimani na kipande cha kukodi barabarani. Ardhi oevu ya bondeni ni ya serikali, haiwekwi rehani, na Jiji la Kigali limekuwa likiondoa humo shughuli za watu, gereji zikiwemo, ili bonde lirudi kupokea maji. Kwa hiyo fundi anakuja dirishani na vitu viwili: mikono yake na jina lake. Benki ya mjini haina mizani ya kupima jina. SACCO inayo, kwa sababu mjumbe wa kamati ya mikopo anapita mbele ya gereji kila asubuhi, na wadhamini wawili atakaowaleta wanajulikana nyumba hadi nyumba.

Ndiyo sababu nilimwambia yule fundi kwamba daftari lake lenye oili lina thamani kuliko anavyodhani, ila bado halijazungumza na mtu. Fedha inayotoka kwa mteja ikaenda moja kwa moja kwa muuza spea na kwa mama mwenye chakula, SACCO haiioni. Ikipita kwenye akaunti, hata kama inakaa siku mbili tu, baada ya miezi sita kuna rekodi. Ikimina pia ni rekodi. Ni ile ambayo Tanzania huitwa upatu, Kongo likelemba, Kenya chama. Watu ishirini wakitoa 5,000 kila wiki, mmoja anaondoka na 100,000. Haina riba na haina karatasi, na udhaifu wake ni kwamba wa ishirini anasubiri wiki ishirini na mwenye shida leo hawezi kuruka foleni bila kugombana. Kikundi kikifungua akaunti yake SACCO, nidhamu ya wiki ishirini inaonekana na mtu mwenye uwezo wa kukopesha. Halafu kuna rekodi usiyoitunza wewe: tangu 2010 Rwanda ina ofisi ya taarifa za mikopo, na deni dogo ulilolipuuza linaweza kukusubiri kwenye meza ya benki uliyoiendea miaka mitatu baadaye.

Ukaribu huohuo ndio ugonjwa wa SACCO, na hili wanachama hawaambiwi vya kutosha. Chama ambacho wakopaji wake wanaishi mlima mmoja na kula kwenye barabara moja kinaumia siku moja. Februari 2019 mpaka wa Gatuna ulifungwa, na ulifunguliwa tena 31 Januari 2022. Kampala ndiko kuliko soko la Kisekka, ambako spea kuukuu za kanda hii hutafutwa. Katikati ya kipindi hicho, Machi 2020, Kigali ikafungwa kwa sababu ya korona, magari yakalala. Hebu fikiria chama cha atengenezaye springi, auzaye taa na vioo, apakaye rangi na amwuziaye chakula huyo apakaye rangi. Mmoja akikwama, wote wamekwama, na kila mmoja ni mdhamini wa mwenzake. Mvua ya masika ikijaza bonde au kuporomosha mlima, hesabu ni hiyohiyo. Na kuna udhaifu wa pili, wa kibinadamu: ni vigumu mjumbe wa kamati kumnyima mkopo shemeji yake.

Ndipo unapoelewa maana ya mpango wa kuunganisha SACCO za mirenge ziwe SACCO za wilaya. Wapo wanaoupinga wakisema chama chao kinachukuliwa. Naheshimu hofu yao, kwani mlango wa ofisi ukienda mbali, jina la fundi linapungua uzito. Lakini Gasabo, wilaya iliyomo Gatsata, ina mashamba, maofisi, masoko na gereji. Mvua isiyofaa Gatsata inaweza kumfaa mkulima wa upande wa pili wa wilaya, na akiba yake ikabeba chama mwezi ambao mafundi hawana kitu. Mimi naunga mkono muungano kwa sababu hiyo, kwa sharti moja: uamuzi wa mikopo midogo ubaki kwa watu wanaopita mbele ya gereji. Kompyuta nazo zimesaidia. Kwa miaka mingi SACCO hizi ziliandika hesabu kwa kalamu, na ukurasa wa kalamu ni rahisi kuubadili usiku. Kuziingiza zote kwenye mfumo kulichukua zaidi ya miaka kumi tangu zizaliwe.

Na SACCO ikivunjika? Sheria ya mwaka 2015 iliunda mfuko wa dhamana ya amana unaozihusu benki na taasisi ndogo za fedha, na kiwango kilichowekwa ni hadi faranga 500,000 kwa kila mwenye amana katika taasisi moja. Mwenye 300,000 yuko ndani kabisa. Mwenye 800,000 analindwa kwa 500,000, na zile 300,000 anasubiri mali ya chama igawanywe. Hisa zako haziko humo. Hisa ni mtaji, wewe ni mmiliki, na hasara ikija huanza na wamiliki. Nimekutana na wanachama wengi waliojumlisha hisa na akiba kwenye kichwa chao wakaziita zote "fedha zangu SACCO". Ziandike mistari miwili tofauti.

Kwa kuwa ni mmiliki, una mkutano mkuu. Najua wengi hawaendi, maana siku ya mkutano ni siku ya kazi na gari la mteja halingoji. Nenda, na uulize mikopo chechefu ni asilimia ngapi ya mikopo yote. Benki Kuu inataka isizidi asilimia 5. Ukiambiwa 4, waulize mwaka jana ilikuwa ngapi. Ukiambiwa 12, uliza ni mikopo ya nani, na viongozi wenyewe wanadaiwa kiasi gani. Huhitaji shule ya uhasibu kuuliza hivyo, na atakayekasirika amekwisha kukujibu.

Yule fundi alirudi dirishani kwake akauliza ratiba. Niliporudi Gatsata alinionyesha karatasi ikiwa imekunjwa ndani ya daftari, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni ili oili isiipate. Riba ilikuwa ya salio linalopungua. Alikuwa amepunguza mkopo hadi 400,000, akaongezea fedha zake za zamu ya ikimina. Tulilazimika kuzungumza kwa sauti ya juu kidogo, kwa sababu kompresa ilikuwa inafanya kazi.