Swali Lisilo na Anwani

Ukitafuta jambo kwenye intaneti, kazi kubwa imeshafanyika kabla hujaandika neno la kwanza: kurasa zimekusanywa, zimepangwa na kuhifadhiwa kwenye kompyuta zisizozimwa. Mtandao wa vihisi visivyotumia waya hauna anasa hiyo. Chukua vihisi mia kadhaa vilivyotawanywa msituni kupima joto, kila kimoja na redio yake ndogo na betri mbili kama za tochi. Mtaalamu aliyeko kituoni hana haja na kihisi namba 87. Anataka kujua ni wapi joto limepita nyuzi 50, wala hajui amuulize nani.

Anaweza kuwauliza wote. Swali linapokewa na vihisi vya karibu, navyo vinalirusha kwa majirani zao, kama mbiu ya mgambo ambayo kila aisikiaye hulazimika kuipiga upya. Jibu litapatikana, ila betri hazitadumu. Gregory Pottie na William Kaiser walieleza mwaka 2000 kwamba nishati ya kurusha kilobiti moja umbali wa mita 100 inatosha prosesa kutekeleza mamilioni ya maagizo. Kufikiri ni rahisi. Kinachofilisi kihisi ni kusema. Hata kusikiliza kunagharimu, maana redio iliyo macho hula umeme ingawa hakuna anayezungumza.

Ukihitaji taarifa za mfululizo, kwa saa au siku nzima, gharama ya kuwauliza wote mara moja inavumilika: kila kihisi kinakumbuka swali lilitoka kwa jirani yupi, majibu yanarudi kwa nyayo hizohizo, na njia iliyo bora ndiyo inayoendelea kutumika. Kwa swali la mara moja, huo ni ubadhirifu.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia David Braginsky na Deborah Estrin, ambao mwaka 2002 waliiga uvumi. Kihisi kilichoona tukio hakingoji kuulizwa. Kinatuma ujumbe unaozurura kutoka kihisi kimoja hadi kingine, ukiacha alama kila unapopita: moto uko upande ule. Swali nalo linatoka kituoni likizurura vivyo hivyo, mpaka likanyage nyayo za ujumbe huo na kuzifuata. Je, vitakutana? Mistari miwili iliyochorwa ovyo ndani ya mstatili ina uwezekano wa takriban asilimia 69 wa kukatana. Tukio likiacha njia tano badala ya moja, uwezekano unafika asilimia 99.7. Msituni njia hazinyooki kama mstari wa rula, kwa hiyo tarakimu hizo ni dira tu. Lakini ona kilichookolewa: hakuna ramani, hakuna orodha ya vihisi, na wengi wao hawakusumbuliwa kabisa.

Jibu nalo linaweza kupunguzwa njiani. Anayetaka wastani wa joto hahitaji kuletewa kila kipimo. Kila kihisi kinajumlisha vya wenzake na chake, kisha kinapeleka jumla na idadi tu. Nina wasiwasi kidogo na mbinu hii. Kihisi kibovu kinachodai nyuzi 200 humezwa ndani ya jumla, na kituoni hakuna awezaye kukinyooshea kidole.

Tena kuna mahali ambapo mtandao wenyewe unatembea. Januari 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha pundamilia kola zenye GPS na redio huko Laikipia, nchini Kenya. Katika mradi huo, ulioitwa ZebraNet, pundamilia walipokaribiana kola zao zilipeana kumbukumbu, hata mnyama mmoja akabeba habari za wengine ambao mtafiti hajawaona. Mtafiti hakupeleka swali kwa kila kola. Alipita na gari lenye kipokezi na kuchota kwa wale aliowakaribia. Tatizo ni kwamba nafasi ya kuhifadhi kumbukumbu hujaa. Kwa hiyo kola zilibuniwa zipokezane pia orodha ya habari zilizokwisha kufika, ili zinazoendelea kuzibeba zizifute.