Injini Inanguruma, Pikapu Haiendi

Dereva anakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, lakini Hilux ya otomatiki ya miaka ya 1990 inajikokota mlimani. Wengi hukimbilia kushusha giaboksi. Haraka hiyo ina gharama!

Fundi makini huanza na kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, injini ikiwa ya moto na inaunguruma, gia zote zimeshapitishwa na kurudishwa P. Oili nyekundu inatia moyo. Nyeusi inayonuka kuungua huashiria klachi za ndani zinakwisha.

Kama giaboksi ya pikapu hiyo ni ya A340, ina pia kebo nyembamba inayofuata mkanyago wa mafuta. Ikilegea, presha ya oili hupungua, gia huingia mapema na kuteleza, hata kama vyuma vya ndani ni vizima.

Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi ikimetameta yenyewe, kompyuta imenasa hitilafu ya umeme, pengine solenoidi au sensa ya mwendo.